Kete Zirudishwe Ubaoni? Sayansi ya Mchezo wa Zamani Unaoanzishwa Upya

Mji wa Bunda, mkoani Mara, uko kwenye barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma. Katika kata yake ya Nyasura, kama katika miji na vijiji vingi vya nchi yetu, si ajabu jioni kuwakuta wazee wawili wameuinamia ubao wa bao chini ya mti, na watazamaji wamewazunguka wakishindana kutoa ushauri ambao hawakuombwa. Mchezo unapokwisha, jambo moja hufanyika ambalo tumelizoea mno hata hatulifikirii. Kete zote hukusanywa na kupangwa upya. Katika bao la Kiswahili ubao una mashimo 32 na kete ni 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, yaani 6 katika nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani, na kete 22 mkononi. Aliyefungwa mara tano mfululizo huanza sawa kabisa na aliyemfunga.

Sasa ndugu msomaji, hebu tufikirie bao la namna nyingine. Katika bao hili kete hazirudishwi ubaoni. Kila mshindi huenda nyumbani na kete alizoteka, na kesho hurudi nazo kuendelea pale alipoachia. Mchezo huo umekwisha kuchezwa kwa miaka 20 bila kukoma. Leo amefika kijana mgeni, anapewa kete mbili na kuambiwa, "Karibu, cheza." Je, atakaa kwa muda gani? Na wale wenye kete mia mia, je, watakubali akitokea mtu na kusema kwamba kete zote zikusanywe na mchezo uanze upya?

Mchezo wa aina hiyo upo, nao huchezwa na mamilioni ya watu kwa kompyuta zilizounganishwa na mtandao wa intaneti. Makala haya yanakusudia kueleza mchezo huo ni nini, kwa nini huzeeka, na kama ni kweli kwamba wachezaji hutaka utolewe upya na kuanzwa kutoka sifuri. Swali hili laonekana kuwa la burudani tu. Lakini ndani yake mna swali kubwa la kisayansi, nalo ni hili: tutajuaje kwa hakika watu wanataka nini?

Mchezo usiokwisha

Katika mchezo tunaouzungumzia, kila mchezaji huvaa uhusika wa mtu wa kubuni: mpiganaji, mganga, mwindaji au fundi. Mhusika huyo huishi katika ulimwengu wa kubuni uliohifadhiwa katika kompyuta kubwa iitwayo seva. Wachezaji wengi, kila mmoja akiwa kwake, huingia katika ulimwengu huo kwa wakati mmoja. Huwinda pamoja, huuziana bidhaa, huunda vyama na hupigana. Mhusika hupanda ngazi kadiri anavyopata uzoefu, na hujilimbikizia fedha na silaha. Mchezaji akizima kompyuta yake akalala, ulimwengu ule huendelea bila yeye, na akirudi huikuta mali yake kama alivyoiacha.

Asili ya michezo hii ni programu iitwayo MUD, ambayo Roy Trubshaw alianza kuiandika mwaka 1978 katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, na mwenzake Richard Bartle akaiendeleza. Haikuwa na picha. Wachezaji walisoma na kuandika maneno matupu. Yafaa kukumbuka hali yetu wakati huo. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilizuia kompyuta kuagizwa kutoka nje, baada ya fedha nyingi kutumika kwa manufaa haba, na kizuizi hicho kilikuja kulegezwa hatua kwa hatua baadaye. Hivyo mchezo huu ulipoanza duniani, sisi hatukuwapo penye mstari wa kuanzia. Jambo hili tutalirudia.

Inafaa kutambua kwamba katika MUD ulimwengu ulirudishwa mwanzo mara kwa mara. Hazina zilipokwisha kuokotwa, zilitawanywa tena mahali pake ili wachezaji wapate cha kutafuta. Michezo mikubwa iliyofuata iliacha desturi hiyo. Ultima Online ya mwaka 1997, EverQuest ya mwaka 1999, RuneScape ya mwaka 2001 na World of Warcraft ya mwaka 2004 zote zilijengwa juu ya ahadi kwamba alichokipata mchezaji hakitafutwa. Ahadi hiyo ndiyo iliyowavuta watu. Mwaka 2010 World of Warcraft peke yake ilikuwa na wanachama wapatao milioni 12 waliokuwa wakilipa ada. Lakini ahadi hiyo hiyo ndiyo ilibeba mbegu ya uzee.

Kwa nini ulimwengu wa kubuni huzeeka

Sababu ya kwanza ni ya kiuchumi. Tuchukue mfano wa pipa la maji lenye bomba la kuingizia juu na tundu la kutolea chini. Katika mchezo, fedha huingia kila mchezaji anapoua zimwi au kumaliza kazi aliyopewa, kwa kuwa programu humzawadia sarafu ambazo hazikuwapo kabla. Fedha hutoka anapolipa ushuru, nauli au matengenezo ya silaha, na sarafu hizo hufutwa kabisa. Ikiwa kinachoingia kinazidi kinachotoka, pipa hujaa. Fedha zikiwa nyingi na bidhaa adimu zikiwa zile zile, bei hupanda. Wenyeji wenye akiba hawaumii sana. Mgeni huumia, kwa sababu ujira wa kazi ndogo ndogo za ngazi ya chini umewekwa na programu na haupandi, hali bei za sokoni huamuliwa na matajiri.

Yapo mambo mengine yanayoonyesha kwamba uchumi huu si mzaha. Mwaka 2001 Edward Castronova, mwanauchumi wa Marekani, alichunguza ulimwengu wa EverQuest uitwao Norrath. Alitazama bei ambazo watu walikuwa wakiuziana mali za mchezo kwa dola halisi, akakadiria pato la kila mkazi. Kwa kipimo hicho Norrath iliangukia kati ya Urusi na Bulgaria, ingawa ni nchi isiyo na udongo wala mvua.

Sababu ya pili ni ya kiufundi na kibiashara. Ili wachezaji wa zamani wasichoke, kampuni huongeza nchi mpya na ngazi mpya. Mwezi Januari 2007 World of Warcraft ilipanua mipaka yake, na ngazi ya juu ikapandishwa kutoka 60 hadi 70. Silaha ambazo watu walikuwa wamezitafuta kwa miezi zilipitwa thamani kwa siku chache. Wakazi walihamia nchi mpya, na nchi za zamani zikabaki njia ya kupita tu. Upanuzi kama huo ukirudiwa mara sita au saba, ulimwengu hufanana na mji ambao watu wote wanaishi katika mtaa wa mwisho, na mitaa mingine yote ni mahame. Mgeni huanza safari yake peke yake katika mahame hayo.

Jaribio la maharage

Walimu wanaweza kuonyesha darasani namna tofauti za mali zinavyozuka hata pale ambapo hakuna mwenye hila. Wachukueni wanafunzi 10 na mpeni kila mmoja punje 10 za maharage. Wapangeni wawili wawili kwa kura. Kila jozi irushe sarafu mara moja, na atakayeshindwa ampe mwenzake punje moja. Asiye na punje akishindwa, halipi kitu. Kisha pangeni jozi mpya kwa kura na kurudia. Fanyeni raundi zipatazo 40, na katika kila raundi ya 10 andikeni idadi ya punje za kila mmoja na kuchora grafu.

Sarafu haina upendeleo, wala hakuna mwanafunzi hodari kuliko mwingine. Hata hivyo grafu aghalabu itatawanyika. Baadhi ya wanafunzi watakuwa na punje chache mno, na mmoja au wawili watakaribia mara mbili ya walizoanza nazo. Ikiwa bahati tupu yaweza kufanya hivi katika kipindi kimoja cha darasani, ongezeni juu yake tofauti za ujuzi, za saa za kucheza na za miaka, mtapata picha ya seva yenye umri wa miaka 20.

Kabla ya kumaliza, fanyeni jambo moja zaidi. Kila mwanafunzi apige kura ya siri: je, punje zikusanywe na mchezo uanze upya? Karatasi isiwe na jina, bali iwe na jibu na idadi ya punje alizonazo mpiga kura. Kisha linganisheni majibu na idadi hizo. Wala msitangulize matokeo. Yaacheni maharage yajibu.

Wachezaji walisema nini, na walifanya nini

Tuje sasa kwenye ushahidi wa duniani. Mwishoni mwa mwaka 2012 kampuni ya Jagex ya Cambridge, Uingereza, ilibadili sana namna ya kupigana katika RuneScape, na wachezaji wengi walichukia. Kampuni ilikuwa na nakala ya mchezo iliyohifadhiwa mwezi Agosti 2007. Mwezi Februari 2013 iliwauliza wachezaji kama wanataka nakala hiyo ifufuliwe, ikaahidi kwamba kura zikiwa nyingi, huduma itakuwa kubwa zaidi na malipo yatapungua. Zilipigwa kura zaidi ya 440,000. Mchezo ulifunguliwa mwezi huo huo, na kila aliyeingia alianza katika ngazi ya chini, hata kama katika toleo jingine alikuwa tajiri. Toleo hilo la zamani, liitwalo Old School RuneScape, lilikuja kuwa na wachezaji wengi kuliko toleo lililoendelea kubadilishwa. Aidha wachezaji walipewa sauti ya kudumu. Kwa miaka mingi badiliko kubwa halikuingizwa mpaka liungwe mkono na asilimia 75 ya wapiga kura, na mwaka 2022 kiwango hicho kilishushwa hadi asilimia 70.

Habari ya World of Warcraft ni tofauti kidogo. Mwaka 2013, katika mkutano wa hadhara, kiongozi mmoja wa kampuni ya Blizzard aliulizwa kuhusu kurudishwa kwa mchezo wa zamani. Alijibu kwa maana kwamba wachezaji hudhani wanautaka, lakini kwa kweli hawautaki. Wachezaji hawakuridhika. Mwaka 2015 baadhi yao walifungua seva yao wenyewe isiyo na kibali, iliyoitwa Nostalrius, iliyoendesha mchezo kama ulivyokuwa mwanzoni. Mwezi Aprili 2016 seva hiyo ilifungwa kwa sababu ya madai ya kisheria ya kampuni. Wakati huo ilikuwa na akaunti zipatazo 800,000 zilizosajiliwa, na wenyewe walisema kwamba 150,000 kati yake zilikuwa zikitumika. Ombi la kutaka mchezo wa zamani urudishwe lilitiwa saini na zaidi ya watu 200,000. Mwaka 2017 kampuni ilitangaza kwamba italitekeleza, na mwezi Agosti 2019 toleo la zamani likafunguliwa kwa jina la World of Warcraft Classic. Seva zilielemewa, na wachezaji walipanga foleni za maelfu wakingojea kuingia.

Hadithi haikuishia hapo, na hapa ndipo penye somo. Toleo lililofufuliwa nalo lilianza kuzeeka. Bei zilipanda, na waliochelewa waliachwa nyuma. Basi wachezaji walianza kuomba mwanzo mpya wa mwanzo mpya. Mwezi Novemba 2021 zilifunguliwa seva nyingine zilizoanza kutoka sifuri, kwa mwendo wa haraka zaidi. Mwezi Agosti 2023 zilifunguliwa seva ambazo mhusika akifa mara moja, amekufa moja kwa moja. Mwezi Novemba 2023 ulifuata msimu mwingine, na mwezi Novemba 2024, mchezo ulipotimiza miaka 20, seva mpya zikafunguliwa tena. EverQuest ilikuwa imetangulia njia hii: tangu mwaka 2006 ilifungua seva zinazoanza na mchezo wa asili na kuongeza nchi moja baada ya nyingine, na tangu mwaka 2015 imekuwa ikifungua seva za namna hiyo karibu kila mwaka.

Kampuni ya biashara hairudii jambo lisilo na wateja kwa miaka kumi. Kwa hiyo jibu la kwanza ni kwamba ndiyo, wapo wachezaji wengi wanaoutaka mwanzo mpya, na wameonyesha hivyo kwa vitendo. Lakini jibu hilo halitoshi. Je, ni wangapi, ni akina nani, na hukaa kwa muda gani?

Kuuliza si kupima

Saini 200,000 ni nyingi, lakini zinatuambia nini hasa? Asiyetaka mchezo urudishwe hana mahali pa kutia saini ya kukataa, hukaa kimya. Hesabu ya wanaotaka bila hesabu ya wasiotaka ni kama kupima urefu wa wanafunzi wa shule kwa kuwapima wachezaji wa mpira wa kikapu tu. Kosa hili huitwa upendeleo wa sampuli. Kadhalika aliyekwisha acha mchezo hapokei dodoso linalotumwa kwa wachezaji, na mgeni ambaye hajapata kucheza haulizwi kabisa.

Pili, maneno na matendo havilingani siku zote. Mtu akiulizwa kama anapenda kusoma vitabu atasema ndiyo. Daftari la maktaba laweza kusema vingine. Kwa hiyo mtafiti makini hutazama matendo. Hata hivyo matendo nayo yana mtego wake. Siku ya kufunguliwa, kila seva mpya hujaa, kwa kuwa jambo jipya huvuta macho. Anayehesabu watu siku hiyo na kutangaza ushindi amehesabu wageni wa harusi akadhani ni wakazi wa nyumba.

Kipimo kilicho bora ni kuwafuatilia wale walioingia siku ya kwanza na kuuliza: baada ya mwezi mmoja ni asilimia ngapi wangali wanacheza? Baada ya miezi mitatu? Baada ya mwaka? Grafu ya namna hii, ambayo wataalamu wa tiba huitumia pia kuchunguza wagonjwa baada ya matibabu, huanza asilimia 100 na kuteremka. Umbo la mteremko ndilo jibu. Mteremko ukifika chini kabisa, watu walikuja kwa sababu ya upya. Ukiteremka kisha ukalala juu ya sifuri, kuna watu waliopata makazi.

Tatu, ni lazima kuwahesabu waliobaki katika seva ya zamani. Ukianzishwa mnada mpya siku ile ile ya mnada wa zamani, wauzaji na wanunuzi hawazaliwi upya. Wengi hutoka kule kuja huku. Katika World of Warcraft ya mwanzo, vita vikubwa vilihitaji kundi la watu 40 kwa pamoja. Chama cha watu 45 kikipoteza 10 walioifuata seva mpya, wale 35 waliobaki hawawezi tena kufanya walilozoea, ingawa wao wenyewe hawakutaka badiliko lolote. Furaha ya mmoja hapa ina gharama kwa mwenzake.

Tena wachezaji si wa aina moja. Richard Bartle, yule tuliyemtaja, aliandika mwaka 1996 kwamba katika ulimwengu wa namna hii wamo watu wa aina nne: watafuta mafanikio, wachunguzi, wapenda ushirika na wapenda kushambulia wengine. Twaweza kukisia kwa kufuata mgawanyo huo. Mtafuta mafanikio hufurahia mbio zinazoanza upya. Mpenda ushirika huenda waliko rafiki zake, na seva mpya humpa majirani wengi walio katika ngazi moja naye. Lakini mchunguzi atachunguza nini katika nchi ambayo kila mlima wake umekwisha kuchorwa?

Visivyofutika

Swali hilo la mchunguzi latufikisha kwenye jambo la msingi. Kompyuta yaweza kufuta fedha, silaha na ngazi kwa sekunde moja. Haiwezi kufuta ujuzi uliomo vichwani mwa watu.

Tazama ushahidi. Katika World of Warcraft ya asili, iliyotolewa Novemba 2004, zimwi kuu la moto liitwalo Ragnaros lilishindwa kwa mara ya kwanza mwezi Aprili 2005, yaani baada ya miezi mitano. Katika toleo lililofufuliwa mwaka 2019, zimwi lile lile lilishindwa chini ya wiki moja tangu kufunguliwa. Mchezaji wa kwanza kufika ngazi ya 60 alifika chini ya siku nne. Mchezo ulikuwa karibu ule ule. Watu ndio hawakuwa wale wale. Walikuja na miaka 15 ya maelezo, ramani na hesabu. Kwa hiyo aliyetamani kurudishiwa mshangao wa siku ya kwanza hakuupata wote. Ni dhahiri kwamba watengenezaji wenyewe walilitambua hilo, kwa maana katika msimu wa mwaka 2023 waliwapa wahusika uwezo mpya na kuuficha katika nchi za zamani, ili hata wenyeji walazimike kutafuta upya.

Kitu kingine kisichofutika ni umbali. Mwanafunzi wa Bunda akicheza katika seva iliyo Ulaya, kila amri yake husafiri kama mwanga ndani ya nyuzi za kioo. Mwendo wa mwanga katika kioo ni kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Tukikadiria njia ya kebo kupita Dar es Salaam na Bahari ya Shamu hadi Ulaya kuwa kilomita 12,000, amri itatumia sekunde 0.06 kwenda na 0.06 kurudi, jumla sekunde 0.12, bila kuhesabu ucheleweshaji wa mitambo. Aliye jirani na seva hungoja sehemu ndogo tu ya muda huo. Hakuna mwanzo mpya uwezao kuubadili mwendo wa mwanga.

Hata hivyo tumetoka mbali. Kabla ya kebo ya SEACOM kufika pwani yetu mwaka 2009, mawasiliano yetu mengi ya nje yalitegemea setilaiti zilizo juu kiasi cha kilomita 36,000. Amri hupanda na kushuka, kisha jibu hupanda na kushuka: jumla kilomita 144,000. Kwa mwendo wa kilomita 300,000 kwa sekunde, huo ni ungojeaji wa karibu nusu sekunde. Kwa mwindaji wa zimwi, nusu sekunde ni kifo.

Mwanzo mpya ni wa nani?

Sasa twaweza kulijibu swali letu kwa uangalifu zaidi. Watu husema kwamba wachezaji hutaka mchezo wa zamani kwa sababu wanaukumbuka ujana wao. Bila shaka wapo wa namna hiyo. Lakini kama kumbukumbu ingekuwa sababu pekee, kufufuliwa mara moja kungetosha. Ukweli kwamba wameomba tena na tena unaonyesha kwamba wanachokitafuta ni hali fulani ya mchezo kuliko mchezo wenyewe. Hali hiyo ni ya mwanzo, wakati watu wote wanapokuwa na mikono mitupu, wakihitajiana, na jirani wa kila mtu akiwa katika ngazi ile ile. Hali hiyo kwa asili yake haidumu, kwa sababu kucheza kwenyewe ndiko kunakoiharibu. Kwa hiyo hamu ya mwanzo mpya itarudi kila baada ya muda, na kila mwanzo utakuwa na mshangao mdogo kuliko uliotangulia, isipokuwa kwa mtu mmoja.

Mtu huyo ni yule ambaye hakuwapo. World of Warcraft ilipofunguliwa mwaka 2004, kebo ile ilikuwa bado miaka mitano kufika. Kijana wa Nyasura anayeingia leo katika seva iliyofunguliwa upya harudii kitu. Kwake ni mara ya kwanza. Hana kumbukumbu ya kuitamani wala mali ya kuipoteza. Katika seva ya miaka 20 angepewa kete mbili mbele ya matajiri. Katika seva mpya, ingawa wengine wanamzidi kwa ujuzi na kwa ukaribu wa mitambo, walau kete ni sawa. Naye ndiye ambaye madodoso hayamfikii, kwa kuwa huulizwa waliomo, si walio mlangoni.

Haifuati kwamba kila ulimwengu wa kubuni ufutwe kila mwaka. Aliyejenga nyumba kwa miaka 10 ana haki ya kuikuta aliposhika kitasa. Njia iliyotumiwa na kampuni nyingi, ya kuiacha seva ya zamani iendelee na kufungua nyingine kando yake, hujaribu kuwatendea haki wote wawili, ingawa tumeona kwamba nayo ina gharama. Lililo muhimu ni kwamba uamuzi ufanywe kwa kupima vema: kuwahesabu wanaokataa pamoja na wanaotaka, kutazama mwezi wa sita pamoja na siku ya kwanza, na kumkumbuka asiyeulizwa.

Pengine mmoja wa wanafunzi wanaosoma makala haya ataandika siku moja programu ya mchezo wake mwenyewe. Atakapofika kwenye mstari wa programu unaoamua kama mali ya wachezaji ihifadhiwe au ifutwe, ajue kwamba hapo anaamua pia nani ataweza kuingia baadaye. Waliobuni bao walikwisha kuamua: mchezo ukiisha, kete hurudi ubaoni, na mshindi hubaki na sifa yake tu.